Nilisema Dada Yangu Alipwe Nusu

Nilikosa mimi. Sikusukumwa na mtu wala sikuwa mlevi. Nilisema kwa mdomo wangu huu, na tangu siku hiyo sijui nitatoka vipi.

Mimi ni Mkuria, kwetu ni karibu na Kehancha. Nilienda kisiwa cha Remba, Ziwa Victoria, kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Beseni ni lile lile, jua ni lile lile, lakini sisi tunaoitwa jamwa, yaani watu wa kuja, tulilipwa nusu ya Wajaluo. Ukiuliza unaambiwa, "Kama hutaki, boti ziko."

Nilivumilia mwezi mmoja. Kijaluo nakijua tangu utotoni, maana tulikuwa tukiuza mahindi Migori. Nikahamia upande wa pili wa kisiwa kwa mama mwingine, nikamwambia naitwa Akinyi, Mjaluo wa Karungu, wazazi wangu walishafariki. Akanikumbatia! Akanilipa kamili. Baada ya mwaka akanifanya msimamizi.

Basi siku moja nikamwona Robi, dada yangu mkubwa, anashuka kwenye boti kutafuta kazi. Mama yetu alikuwa mgonjwa, anahitaji upasuaji. Akaniita kwa jina langu, "Gati!"

Nikamwambia, "Umenifananisha, dada. Mimi ni Akinyi."

Yule mama mwajiri, aliyekuwa kando yetu, akaniuliza, "Nyathina, mtoto wangu, huyu jamwa tumlipe ngapi?"

Ningesema alipwe kama sisi. Angenisikiliza! Lakini niliogopa ataniuliza kwa nini namtetea. Nikasema, "Nusu, kama wenzake."

Jamani! Dada aliyenibeba mgongoni!

Robi hakutoa siri yangu. Alifanya kazi chini yangu, akiniita "madam". Nikamtumia pesa za matibabu kwa simu, akazirudisha na ujumbe: "Sijui mtu anaitwa Akinyi."

Mwezi wake wa tatu kazini alipigiwa simu mchana, tuko ufuoni. Akaanguka kwenye mchanga akilia, "Mama! Mama yangu!" Nilijua. Wanawake wakamzunguka. Mimi nikaendelea kugeuza omena, machozi nayameza, kwa sababu Akinyi wa Karungu hakuwa na mama wa kumlilia. Mwajiri akanituma nikampe pole kwa niaba yetu. Nikampa mkono dada yangu wa damu kama mgeni!

Alienda kuzika bila mimi.

Bado niko Remba. Nikisema ukweli, nitaitwa mwongo na kazi imeisha. Nikirudi nyumbani, nitasimama vipi mbele ya lile kaburi? Sasa mwajiri anataka niolewe na mpwa wake. Kila asubuhi ananiita mtoto wake, nami naitika. Naitika!

Ndugu msomaji, kama unapunjwa kwa sababu ya kabila lako, lalamika, hama, piga kelele. Lakini usijifiche mpaka wewe ndiye unayetaja bei ya wenzako. Mimi niliitaja, na Robi hapokei simu yangu mpaka leo.