Leo Salumu ameshindwa kuanguka

Ndugu zangu, mimi niliyepiga mamba teke kule Nyangwe, leo nimelia mbele ya soko zima.

Munajua ngumi za Kichina nilizofunzwa na yule Muchina aliyejenga reli kule Kindu. Watu wanne walinisukuma, sikutikisika. (Haya, walikuwa wawili.)

Nilimufundisha Salumu, mutoto wa pekee wa dada yangu. Kila asubuhi: magoti chini, pumzi tumboni, nyayo zishike udongo.

Leo askari wa Leta, serikali yetu, wamekuja Kasongo kukamata vijana wa kupeleka jeshini. Sajini anasukuma kila kijana kifuani. Anayeanguka anarudi kwao. Anayesimama anapanda kamyo, lori lao la jeshi.

Nikamunong'oneza Salumu: "Mwanangu, anguka."

"Ndiyo, mujomba."

Sajini akasukuma.

Magoti ya Salumu yakajikunja yenyewe. Sajini ndiye aliyeyumba! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga kofi moja kabla ya kukumbuka.

"Huyu apande!" sajini akapiga kelele.

Salumu akaniangalia kutoka juu ya kamyo. "Mujomba, nilitaka kuanguka. Mwili umekataa."

Kamyo ikaondoka.

Nabandika karatasi hii kwenye mlango wa duka kwa sababu kwa dada sijafika. Hajui kitu, anapika sombe, majani ya muhogo.

Ninyi muliosoma kunipita, andikeni hapa chini: nimuambie nini?

Lakini upesi. Ametuma mutu kutuita, mimi na Salumu. Chakula iko tayari.