Atakayejibu ni Asiyesema

Juzi, katika shule moja ya Muze, nilikaa nyuma ya darasa nikimsubiri mwalimu amalize kipindi. Kikundi kimoja kilijadili hesabu kwa Kifipa, lugha ya wenyeji. Binti wa Kisukuma, aliyehamia karibuni, alikaa nao akitazama kucha zake.

"Mwalimu, huyu hasemi," walishtaki.

"Basi ndiye atakayewajibia."

"Tutafeli!"

"Mfundisheni."

Wakahamia Kiswahili, wakamsogezea muwa uliokatwa vipande vinne sawa. "Tazama. Robo hii, na hii. Usile kwanza!"

Binti akacheka, akasimama. "Robo mbili ni nusu." Wenzake wakampigia makofi.

Enzi zetu, kumnong'oneza jirani darasani kulileta fimbo. Somo hilo nililishika vizuri. Mpaka leo nakula peke yangu, kimya, kana kwamba mtihani haujaisha.