Kurasa za Bibi Zilizokunjwa Ncha

Juzi simu imenizimikia dukani, na hesabu zangu zote zimo humo. Mteja kasimama mbele yangu na kilo yake ya sukari, mimi sijui namdai au nshamalizana naye. Nikacheka peke yangu, maana duka hili la Mkunazini kabla yangu lilikuwa la bibi, mzaa mama, na hesabu za bibi hazijapata kuzimika hata umeme ulipokatika mji mzima.

Bibi alikuwa na daftari moja refu, gamba jeusi, linanuka mafuta ya taa na mdalasini. Akiandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni kwenye Kurani, kila mteja na ukurasa wake. Mimi nikitoka skuli hupewa bakuli la urojo kwanza, kisha kazi: kupima mchele, kufunga pilipili manga kwenye vipande vya gazeti, na kumsomea daftari, maana macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Alikuwa mkali, jamani! Ukikosea jina la mtu, unalo. "Jina la mtu ni heshima yake," akinambia, "lisome kama unamwita yupo."

Jambo moja akilifanya mwenyewe. Mteja akifariki, na kule maziarani kwenye mazishi ikishatangazwa kuwa anayemdai marehemu ajitokeze, bibi hukunja ncha ya ukurasa wa mtu yule, akatuma salamu kwa wafiwa: nimesamehe, duniani na akhera. Basi, imekwisha. Hafuti, hachani. Mimi hilo sikulijua. Nikidhani ncha zile zimejikunja kwa uchakavu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mjomba akatuletea kompyuta, akaifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mtaa mzima ukaja kuitazama. Nikapewa kazi ya kuhamishia daftari humo, na lo, nilivyojiona! Ncha zilizokunjwa nikazikunjua, nikazilaza kwa kiganja zikae sawa, nikaingiza majina yote. Mashine ikatoa karatasi safi za madeni, na mjomba akanituma nizigawe mtaani.

Kesho yake akaja jirani yetu, mjane wa fundi cherehani, karatasi mkononi, na bangili zake mbili za dhahabu kazifunga ndani ya leso, tayari kulipia. Hakuweza hata kuketi.

"Bi Mkubwa," akasema, "walinambia umemsamehe. Kumbe miaka mitatu yote hii mume wangu kafungwa na deni kaburini?"

Chuoni tulifunzwa kuwa roho ya maiti hufungwa na deni lake, kwa hiyo nilielewa nilichokifanya. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjomba akaanza kueleza habari za mashine. "Wewe nyamaza," bibi akamwambia, akataka daftari. Siku hizo alikuwa haoni tena kusoma. Akapitisha kidole kwenye kila ncha, taratibu, akihesabu kurasa kimoyomoyo, mpaka akaupata mkunjo alioutaka. Akamshika mjane mkono, akakiweka kidole chake pale.

"Gusa. Hapa nlikunja siku ile ile alozikwa. Nshamsamehe zamani, mwanangu. Hiyo karatasi ni makosa ya huyu mtoto."

Mjane akaupapasa mkunjo ule, akaupapasa tena, akalia kwa sauti. Bangili bibi alimvisha mwenyewe. Jioni ile nilipita nyumba zote za wafiwa kuomba radhi. Hakuna aliyenigombeza, na wallahi hilo liliniuma kuliko bakora.

Kompyuta ile iliuliwa na kutu ya hewa ya bahari, bibi naye akatangulia mbele ya haki, na daftari likaliwa na mchwa. Siwasemi vibaya wa leo, miye mmoja wao. Simu inajumlisha upesi na haichoki. Lakini ina mahali pa aliyelipa na mahali pa anayedaiwa, basi. Aliyesamehewa unamfuta, na ukishamfuta ni kama hajapata kukanyaga dukani kwako. Hilo ndilo ninalolilia.

Mwezi uliopita amefariki mteja wangu mmoja, mchukuzi wa bandarini. Nikalifuta jina lake, moyo ukakataa kutulia. Nikavaa buibui, nikaenda kwa mkewe, nikamkuta kakaa eda, nikamwambia kwa mdomo wangu kuwa mumewe simdai kitu, duniani wala akhera.

Akanikazia macho.

"Niambie tena, dada," akasema.

Nikamwambia tena.