Disketi Iliyobandikwa Kabatini

Kwenye wodi ya wazazi walimwita Mama Disketi, na jina hilo hakulikataa. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa vizazi hospitalini. Kila mtoto aliyezaliwa pale alimwandika kwenye kompyuta: jina la mama, saa, uzito. Kisha akamhifadhi kwenye disketi, moja kwa kila mwezi. Alianza na zile pana, laini, zinazopinda kama karatasi. Akaja kwenye ndogo zenye ganda gumu. Makarani wageni aliwaeleza kwamba ndani ya ganda mna utando uliopakwa unga wa chuma. Mashine huandika humo kwa sumaku, na sumaku nyingine ikisogea, yote hufutika.

Mkuu mpya wa hospitali alipoingia, aliuza kompyuta chakavu, akayakuta maboksi manne ya disketi.

"Dada, dunia imehama. Tupa hizi."

"Bosi, humu mna watoto elfu tisa!"

"Watoto wako kwao." Akacheka, akachomoa disketi moja, akaibana kabatini kwa sumaku nene ya kushikia ratiba. "Pambo hilo."

"Iondoe, Bosi! Unaiua!"

Akatolewa ofisini kama kuku aliyeingia jikoni. Jioni akayabeba maboksi mpaka kwake.

Mwaka uliofuata bomba lilipasuka, madaftari ya vizazi yakawa uji. Wazazi wakafurika wakitaka vyeti vya kuandikishia watoto shule. Mkuu akampigia simu wodini, sauti imelainika.

"Mama yangu, yale maboksi..."

"Leo nimekuwa mama yako?"

Lakini aliyarudisha maboksi, watoto hawakumkosea kitu. Kwa fundi redio alipata mashine kuukuu ya kusomea, akaisafisha kwa spiriti. Disketi zikakwaruza, zikakoroma, zikasomeka. Ile ya kabatini haikutoa hata herufi: watoto arobaini na mmoja, kwisha.

Kwenye mkutano wa wazazi, Mkuu alitamba. "Tumeokoa rekodi zote, ila mwezi mmoja tu, kwa bahati mbaya."

Mama Disketi akasimama. "Bahati mbaya gani? Nilikwambia, ukacheka! Waambie wazazi hawa ulibandika nini kabatini kwako!"

Kesho yake akaletewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Aliitia saini kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, kisha akamfuata mkunga mstaafu, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto wa mwezi uliofutika. Wiki tatu, wakapata thelathini na sita.

Watano hawakupatikana. Hata majina yao hayajui, na hilo ndilo linalomkereketa mpaka leo.