Kidonda cha Mzee Teodori

Kwa miaka kumi na mmoja nesi Monika alizunguka vijiji vya Mpui kwa pikipiki, akihudumia wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani. Kwa mzee Teodori, aliyepooza upande wa kulia, alifika kila Jumanne. Akimaliza kumsafisha alimkumbusha Jenifa, mkamwana wa mzee: "Mgeuze kila baada ya saa mbili, mwanangu. Ukiona ngozi inabadilika rangi, usisubiri."

Mwezi wa tano mradi uliomwajiri ulibadili utaratibu. Mratibu, Christopha, aliwaita wauguzi Sumbawanga mjini akawaambia ziara zao zinakula fedha nyingi. Tangu hapo familia zenyewe zingewauguza wagonjwa, mtu wa kujitolea angepiga simu kila wiki, na nesi angefika mara moja kwa miezi mitatu.

"Kidonda kitaonekanaje kwenye simu?" Monika aliuliza.

"Dada Monika, familia zina macho."

Wiki sita mfululizo daftari la simu hizo liliandikwa kwamba Teodori anaendelea vizuri. Monika akaanza kuliogopa neno hilo. Siku yake ya mapumziko alipanda pikipiki, upepo wa Juni ukimchoma usoni.

Nyumbani kwa Teodori kulikuwa kimya. Watu walikuwa shambani wakivuna ulezi. Aliposukuma mlango, harufu ilimfanya asimame.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama tu, midomo imemkauka. Monika alipomgeuza taratibu, mgongoni chini palikuwa na shimo, na ndani ya shimo aliona mfupa.

Jenifa alikuja mbio, nguo zimejaa makapi. "Sista, walikuwa wananiuliza kama anakula. Nikasema anakula. Hawakuuliza kingine. Na mimi peke yangu, shamba, watoto..."

Mzee alilazwa siku kumi na tisa, kisha akafariki. Familia iliuza ng'ombe wawili kulipia matibabu yaliyozidi gharama ya ziara za nesi za miaka miwili. Monika aliyaandika hayo yote, akampelekea Christopha.

Christopha alisoma akiwa amesimama. "Hizo ni gharama za hospitali na za familia," alisema. "Kwetu hazihesabiwi."

Monika aliomba likizo bila malipo, akaanza kuwapitia wagonjwa wake mmoja mmoja. Kufikia kijiji cha Kaengesa alikuwa ameona watano, na wanne walikuwa na vidonda. Wa sita walikuwa wamemzika Ijumaa.