Goli la Kocha

Usimwone anatembea hivi, mkono kiunoni, pole pole, ukadhani ni mama wa kawaida tu anayekwenda dukani. Huyo ndiye Mkasi. Ukiulizia jina lake la kuzaliwa mtaani watu watabaki wanakukodolea macho, lakini sema Mkasi, hata muuza vocha ataacha kazi yake akupeleke mpaka mlangoni.

Jina alilipata mchangani. Enzi hizo alikuwa mfua mashuka kwenye hoteli moja ya ufukweni, kazi ya kuinama kutwa, na jioni wafanyakazi waliotoka zamu walicheza mpira nyuma ya chumba cha kufulia. Sasa mpira wa mchangani si wa kutambaza. Ukiupiga chini unaingia kishimoni, unageuka, unakuaibisha mbele za watu. Lazima uuinue, na ukishauinua uufuate hukohuko juu. Wenzake waliufuata kwa kichwa na kifua. Yeye aliupa mgongo, akajirusha kinyumenyume, miguu ikapishana hewani kama mkasi, na mpira ukaenda. Mpishi aliyekuwa amekaa golini alishtukia wavu unatikisika. "Nani kapiga?" akauliza. Mwenyewe alikuwa bado chali, mchanga mpaka masikioni, anacheka.

Yaliyofuata mnayajua, na kama hamyajui basi mlikuwa mmelala. Aliitwa timu ya taifa, akachukua ubingwa, akauchukua tena, akafika viwanja ambavyo watu walilipa kiingilio kuja kumwona anaruka mara moja tu, wakishaona waondoke zao. Akaolewa na kinyozi, mwanamume mpole ambaye mpaka leo analalamika kwamba kazini anafagia nywele na nyumbani anafagia mchanga. Kwenye friji yao kuna kombe, na ndani ya kombe kuna funguo, betri zilizokufa na vifungo vya mashati.

Halafu mgongo ukasema basi. Daktari aliiangalia picha ya mifupa, akamwangalia yeye, akaiangalia picha tena. "Mama, kutembea utatembea. Kuruka, sahau." Mkasi alitoka pale bila hata kuaga. Alilia njia nzima, na hakujificha.

Basi akasomea ukocha, akapata cheti, akakabidhiwa timu ya wanawake ya mtaa wake. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mkasi alijua kucheza, lakini kufundisha, mmh. Mwili wake ulikuwa na akili kuliko mdomo wake. Akitaka kueleza kitu maneno yanamkimbia, anaishia, "Hivi! Si mnaona? Hivi!" Anaufumua mpira mwenyewe, wachezaji wanapiga makofi, yeye anashika kiuno, wanarudi kwenye mazoezi wakiwa hawajaambulia kitu. Kila siku maonyesho. Timu ilifungwa, ikafungwa tena, na kila ikifungwa yeye alionyesha zaidi.

Mshambuliaji wake alikuwa wifi yake, mdogo wa kinyozi, msichana aliyeishi nao nyumba moja tangu wazazi wake walipofariki. Mchana aliuza mafuta kwenye kituo cha petroli barabara kuu, jioni akaja mchangani na harufu yake ya dizeli. Nyumbani walikuwa wanataniana mpaka kinyozi anahamia uani na redio yake. Mchangani hawakuelewana hata kidogo.

"Ruka, wifi! Mpira ulikuwa wako!"

"Kocha, mimi si wa kuruka."

"Usiniite kocha kwa sauti hiyo."

"Na wewe usiniite wifi. Tuko kazini."

Binti yule alikuwa na ndoto moja tu: kuvaa jezi ya taifa kama Mkasi alivyoivaa. Hakuisema sana, lakini kituoni pale kila mteja aliyemjua alikuwa anamwuliza, "Vipi, wamekuita?" naye anajibu, "Bado," huku anafunga kifuniko cha tangi. Na msimu ule mteuzi wa timu ya taifa alikuwa ameahidi kuja kwenye mechi yao ya nusu fainali. Mteuzi mwenyewe alikuwa nahodha wa zamani wa Mkasi, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Wiki nzima wifi hakula vizuri.

Siku ikafika, mechi ikawa ngumu, sare mpaka dakika za mwisho. Kipa wao akarusha mpira mrefu, ukapaa, ukaanza kushuka upande wa benchi, ndani kidogo ya mstari. Wifi alikuwa anaujia. Beki kaachwa, kipa wa wenzao katoka nje ya goli lake bila mpango. Uwanja mzima ulisimama.

Na kocha akaruka.

Jamani, hakupanga. Ukimwuliza leo atakuapia kwamba hakumbuki hata alivyoingia. Mpira ulishuka mahali palepale ulipozoea kushukia maisha yake yote, na mwili haukumwomba ruhusa. Mgongo kwa goli, miguu ikapishana, pa! Pembeni kabisa, juu kabisa. Watu walipiga kelele mpaka wauza maji wakaacha ndoo zao. Lilikuwa goli zuri kuliko yote aliyofunga, na refa alikuwa anakimbia huku anatafuta kadi nyekundu mfukoni.

Kocha hawezi kufunga goli, hata uende nchi gani. Mchezo ukasimamishwa, mpira ukadondoshwa upya, nafasi ikapotea. Mkasi mwenyewe hakuweza kuinuka, mgongo ulikuwa umekakamaa, ikabidi atolewe kwa machela, refa akiwa amemwinulia kadi juu ya uso. Kwenye penalti wakafungwa. Mteuzi akakunja kiti chake akaondoka.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia Mkasi, na ninampenda vilevile. Alilala kitandani siku ya pili yake na simu mkononi. Video ilikuwa imeenea kila mahali. Watu wanacheka, wanasifu, wanaandika kwamba malkia hazeeki. Na yeye, badala ya kuona haya, alikuwa anaitazama. Anaitazama, anatabasamu, anairudisha mwanzo. Kinyozi aliingia na kikombe cha chai, akasimama juu yake.

"Umeiona mara ngapi?"

"Mbili tatu."

"Muongo wee. Irudishe. Safari hii usijitazame wewe. Mtazame mdogo wangu."

Akairudisha. Kwenye kona ya picha, kumbe, wifi yupo. Alikuwa ameshapunguza mwendo. Kifua kimefunguka, mikono imekaa sawa, na bega moja ameshalitupa upande ambao haendi, kipa ameshadanganyika anaangukia huko. Hakuwa na haja ya kuruka popote. Goli lilikuwa wazi, lake, kilichobaki ni kupokea na kusukuma. Halafu unapita mwili wa mtu mbele yake, na picha ya mwisho ni uso wa wifi, mdomo wazi, mikono bado inausubiri mpira.

Mkasi aliiweka simu kifudifudi. Miaka yote ile alikuwa anautazama mpira. Huyu mtoto anakula naye meza moja, anampiga kelele kila jioni, na hakuwahi kumwona akicheza. Alijisikia vibaya kiasi kwamba chai ikapoa.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Kahamia kwa rafiki yake. Asubuhi, wewe ukiwa unajitazama."

Alipoweza kusimama akaenda kituoni kwa miguu. Wifi alikuwa anajaza gari la mtu, sare imemkaa vizuri, uso mgumu.

"Wifi."

"Sogea, unaziba pampu."

Akasogea. Gari likaondoka, likaja jingine. Mkasi alisimama kando ya ndoo ya maji ya vioo, bingwa mzima, akisubiri zamu yake kama pikipiki.

"Nimekukosea," akasema hatimaye. "Sijui nilifanyaje, lakini nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Nimeshakusamehe. Wewe wifi yangu, nitakupeleka wapi?" Alikuwa anafuta mikono, hamtazami. "Ila sirudi kucheza. Nirudi nikafanye nini? Nikupigie makofi? Nilisubiri siku ile kuliko kitu chochote, na hata mpira sikuugusa."

"Nitakwenda kwa mteuzi."

"Nenda. Mimi nina wateja."

Akaenda. Nahodha wake wa zamani alimpokea ofisini akiwa amesimama, hakumkaribisha kiti.

"Uje umwone tena," Mkasi akasema. "Mechi ya mshindi wa tatu. Mara moja tu."

"Kwa sababu ni wifi yako?"

"Kwa sababu uliondoka bila kumwona. Hata mimi sijawahi kumwona. Tofauti ni kwamba mimi sina pa kujificha."

Mteuzi akaandika tarehe ya mechi kwenye daftari lake. "Wewe umefungiwa mechi hiyo. Utakaa nje ya uzio na wengine. Nikisikia sauti yako, nageuza gari."

Kinyozi ndiye aliyemrudisha mdogo wake mchangani, na msiniulize alimwambia nini, mambo yao ya tumbo moja hayo. Ila mazoezi ya wiki ile yalishangaza watu. Mkasi alileta ndoo ya rangi, akaigeuza, akaikalia. Hakuonyesha kitu. Wachezaji walizoea sinema, sasa wakawa wanageuka geuka kumtazama. "Kocha, unaumwa?" kipa akauliza. "Chezeni," akajibu. Mgongo ulimsumbua, ulimi ulimwasha, akashika magoti yake akatulia. Jioni ya kwanza hakuona lolote. Jioni ya pili akaanza kuona kidogo: nani anachoka mapema, nani anaogopa kugusana, nani anapiga kelele kwa sababu hajui pa kukimbilia. Wifi alipita karibu yake mara nyingi na hakumsemesha.

Siku ya mechi Mkasi alikaa nje ya uzio wa nyavu, katikati ya watu wanaokula karanga na kutukana waamuzi. Mteuzi alikuja, akakaa pembeni yake bila salamu. Kipindi cha kwanza wifi aliharibu pasi nyingi, miguu mizito, na jirani mmoja mwenye kofia akamwita gogo. Mkasi alikaribia kumjibu, akakumbuka, akameza.

Halafu kipindi cha mwisho mpira ukapaa. Ukashuka upande wa wifi, juu, mbele ya goli, mahali pa kuruka. "Mkasi! Piga mkasi!" watu wakaimba, uwanja mzima. Mama wa watu alihisi mapaja yake yanajikaza, akazikamata nyavu za uzio kwa mikono miwili, akang'ang'ania kwelikweli. Moyoni alikuwa anaomba, na hajui hata alichokuwa anaomba: aruke, asiruke.

Wifi hakuruka. Alisimama, akauacha mpira ushuke mpaka watu wakaguna, akaupokea kifuani, bega likaenda kushoto, kipa akaenda kushoto. Yeye akausukuma kulia kwa vidole vya mguu, taratibu, bila hata kelele. Ukaingia.

Makofi yalikuwa ya wastani. Yule mwenye kofia akasema, "Goli la kawaida." Mkasi alikuwa analia.

"Wewe ungeruka," mteuzi akasema.

"Ningeruka."

"Na ungekosa?"

"Niliyokosa ni mengi kuliko niliyofunga. Hayo watu hawayachapishi kwenye picha za kalenda."

Mteuzi karibu acheke. Akatoa kalamu, akaishika tu. "Huyu nitamwita kambini. Utulivu ule hafundishwi mtu kwa siku moja. Ulimfundishaje?"

Hapo sasa. Mtu anakupa mkononi kitu ulichokitamani tangu uache kucheza: kuitwa mwalimu, na anayekuita ni nahodha wako. Na hakuna shahidi zaidi ya wala karanga. Mkasi angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungetosha.

"Si mimi," akasema. "Alijifundisha mwenyewe. Mimi nilikuwa namkataza."

Mteuzi aliinuka, akampiga piga begani, akaenda kutafuta gari lake.

Filimbi ya mwisho ilipolia wachezaji walikumbatiana, lakini wifi alikuja moja kwa moja mpaka kwenye uzio, anahema, mchanga umemganda usoni. Alimtazama Mkasi kupitia matundu ya nyavu.

"Umeona?"

"Nimeona." Mkasi alitafuta maneno, na safari hii yakaja, machache, kwa zamu. "Unausubiri mpira mpaka mwisho, na hapo ndipo uzuri wako. Lakini kabla ya kupokea unatazama chini mara moja. Kipa mjanja atakusoma hapo. Usitazame chini. Mchanga uko palepale."

Wifi akafuta uso kwa jezi, na alipoiteremsha macho yalikuwa mekundu.

"Miaka yote hii," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia habari zangu mimi."

Mkasi akapitisha vidole kwenye matundu, vikaingia vinne tu, na wifi akavishika.