Sura ya Kumi ya Waziri Mkuu

Kezia Plumb alikuwa mshona vitabu. Kwa miaka ishirini na sita alikaa benchi moja katika karakana ya Clerkenwell, London, mikono ikikunja karatasi na kupitisha uzi, mdomo haulali. Riwaya alizisoma vipande vipande, kadiri zilivyompitia mikononi. Akajua bibi harusi katoroka, asijue alikotorokea. Ila riwaya za Bi Honor Wetherell alizinunua na kuzimaliza, kwa sababu mwandishi huyo hakuwa na makuu: akija kukagua kazi, alikaa na washonaji na kunywa chai yao iliyokolea.

Ni yeye aliyemwingiza Kezia kwenye chama cha wanawake wanaodai kura. Mwaka mmoja chama kiliteua wajumbe sita wa kwenda kwa Waziri Mkuu Lathbury, na Kezia akateuliwa kuwasemea wanawake wa karakana. Maneno yake aliyakariri akisugua sakafu, akayakariri akimenya viazi. Lakini Lathbury hakupokea wajumbe. Barua nne zilijibiwa kwa jibu lile lile, kwamba mheshimiwa ana shughuli nyingi.

"Shoga, wewe na Waziri Mkuu wapi na wapi?" Florrie, jirani yake wa benchi, alimchokoza. "Hata paka wake hakupokei."

"Basi nitaanzia kwa panya."

Alitania, lakini moyo ulimuuma. Hakuwahi kutaka jambo maishani kama alivyotaka kusimama mbele ya mtu yule na kusema.

Na kilichoudhi zaidi, Lathbury huyo huyo alijigamba katika kila karamu kwamba waandishi wa kike ni marafiki zake. Aliwaalika, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, kwa kuvisifu vitabu vyao. Alimwapia Bi Honor kwamba hajawahi kuruka hata mstari mmoja wa vitabu vyake. Wakubwa wana maradhi hayo, ya kusoma vitabu kwa mdomo.

Riwaya yake mpya ilipotoka kwa mpiga chapa, Bi Honor alimletea Kezia karatasi moja ya ziada. Lilikuwa ombi la chama la wajumbe kupokelewa, na majina mia mbili chini yake.

"Nakala ya mheshimiwa ishone wewe. Hii utaweza kunifichia humo?"

Siku hizo vitabu viliuzwa kurasa zikiwa bado zimeshikana kwenye mikunjo, na msomaji alizikata kwa kisu kadiri alivyoendelea. Kezia akaishona karatasi ile ndani ya mkunjo wa sura ya kumi.

"Akisoma atatukuta," alisema. "Asiposoma, shauri lake."

Siku ya tano tangu kitabu kipelekwe kwa mheshimiwa, Bi Honor aliingia karakanani mbio, kofia imekaa upande, barua ya shukrani mkononi. Akaisoma kwa sauti. Mheshimiwa amekimaliza kitabu chote. Kila sura imempendeza, na sura ya kumi imemtoa machozi. Ombi hakulitaja hata kwa neno moja.

Benchi zima liliangua kicheko. Florrie alishika mbavu hadi akadondosha sindano. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata kona ya mtaa. Bi Honor aliomba kalamu akajibu pale pale: "Nimefurahi sana. Tafadhali isome tena sura ya kumi, safari hii kwa kisu."

Wiki haikuisha, wajumbe sita wakaitwa.

Lathbury aliwapokea amesimama, kitabu mezani, kurasa zimekatwa zote. Akauliza ni nani aliyekishona.

"Mimi, bwana," Kezia alisema.

"Ulijuaje kwamba sitakisoma?"

"Sikujua, bwana. Mimi nilikuwa naomba ukisome. Ungekisoma, ningefika hapa wiki iliyopita."

Masikio ya Waziri Mkuu yakawa mekundu. Alizunguka meza, akavuta kiti kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea.

Kezia akaketi. Hotuba aliyoikariri ilianza na salamu ndefu za heshima, akaziruka zote.

"Naitwa Kezia Plumb," alisema. "Nafanya kazi tangu nina miaka kumi na minne. Kila sheria inayonibana mmeitunga nyinyi, na leo ndiyo mara ya kwanza mmoja wenu kuniuliza neno."

Kisha, kwa furaha, akaendelea na hotuba iliyobaki, neno kwa neno, kama alivyoikariri.